Nilinunua presha, kumbe kazi ni maji

Kabla ya kununua mashine ya kuoshea kwa presha ya maji nilikuwa naendesha tuk-tuk ya mtu hapa Malindi. Kila jioni namlipa mwenyewe hesabu yake kwanza, ndipo nijue kama siku hiyo nimekula au nimefunga. Kazi ya kuosha niliiona nikiwa safarini. Nilikuwa nikipeleka wageni kwenye vila za barabara ya Casuarina, na karibu kila ua niliouingia ulikuwa umetandazwa mawe bapa ya Galana yaliyofanya ukoga mweusi, na kijana ameinama na brashi ya waya anasugua jiwe moja moja. Siku moja nikamwuliza mmoja atamaliza lini. "Nikifika mwisho," akasema, "mwanzo utakuwa mweusi tena."

Zamu yangu ya chama ilipofika niliongeza pesa za pikipiki mbovu niliyoiuza, nikapanda matatu hadi Mombasa. Nilirudi na mashine ya petroli ya nguvu za farasi 6.5, presha ya bar 170. Muuzaji alikuwa amenionyesha inavyochuna rangi kwenye ubao kama mtu anayemenya ndizi, na hapo ndipo nilipolewa. Nilichouliza ni presha tu. Maji yatatoka wapi, wala hayakunipitia akilini.

Kazi ya kwanza ilikuwa Muyeye, ua wa saruji, mama mmoja mwenye vyumba vya kupangisha. Nilifunga mpira kwenye bomba lake la bustani, nikavuta kamba, mashine ikanguruma na watoto wakajaa. Dakika kumi hivi mambo mazuri. Kisha mkuki wa maji ukaanza kukatika, unakuja, unapotea, na pampu ikawa inakohoa. Mimi nikaongeza mafuta! Kufikia adhuhuri pampu ilikuwa inavuja chini kama chujio.

Fundi wangu wa Barani aliifungua, akatoa sili, zile pete za kuzuia maji yasivuje, zilizoungua akazipanga kwenye kipande cha gazeti. "Hii haijafa kwa kazi," akaniambia, "imekufa kwa kiu."

Ndipo akanifundisha hesabu ambayo muuzaji hakunipa. Mashine yangu inakunywa lita 10 hivi kwa dakika. Bomba likileta lita 6, zile 4 zinazopungua pampu inazitafuta kwenye hewa, na ikivuta hewa inajitafuna yenyewe. Akanikataza pia kuiacha ikinguruma huku nimeachia kifyatuo cha bunduki ya kurushia maji, maana maji yaliyomo yanazunguka palepale hadi yanachemka. Nikienda kupokea simu, naizima.

Basi siku hizi kabla ya kutaja bei natoa mtungi wa lita 20 na simu. Naweka mtungi chini ya bomba, nabonyeza saa. Ukijaa ndani ya dakika moja na nusu, tunaendelea. Ukizidi hapo, naleta tangi. Maji yetu ya bomba yanatoka Baricho, kando ya Mto Sabaki, na kukiwa na hitilafu huko, huku mabomba yanatoa upepo tu. Kwa hiyo nilitafuta tangi la lita 1,000, la mitumba, lile lenye kizimba cha chuma. Nalipeleka kwa mkokoteni likiwa tupu jioni ya kuamkia kazi, nalipandisha juu ya matofali ili maji yashuke yenyewe hadi kwenye pampu, namwachia askari wa geti mpira. Bomba linalochuruzika usiku kucha linalijaza. Asubuhi nina dakika 100 za kuosha bila kumwomba mtu.

Kisima nacho nilijaribu. Kile kilikuwa hatua chache kutoka ufukweni, maji yake ukiyaonja unakunja uso. Mawe yalipokauka yalifanya weupe wa chumvi, nikarudi kuyasuuza upya kwa gharama yangu. Vali nazo zikaanza kula kutu. Hata leo, kazi ikiisha, naipitisha mashine maji baridi ya bomba kabla ya kuifunika.

Lakini hasara iliyoniuma zaidi haikutokana na pampu. Ilikuwa vila ya zamani yenye ukuta wa matumbawe uliopigwa lipu ya chokaa. Ulikuwa na michirizi myeusi ya mvua na mimi nikataka kuonyesha uwezo. Nikaifunga kwenye bunduki ile nozeli nyekundu, yaani ncha ya kutolea maji, ya nyuzi 0, isiyotawanya maji bali kuyatoa kama msumari. Weusi ulitoka kweli. Na lipu ikatoka nao. Nilipousogelea ukuta niliona mistari kama mtoto amechora kwa kucha, na ndani yake vijishimo vya matumbawe vikinitazama. Mzee anayetunza nyumba alikuja taratibu, akapitisha kidole kwenye mstari mmoja, kidole kikatoka na unga. "Mwanangu, hii chokaa, si simiti." Hakupaza sauti, ndiyo maana nakumbuka. Fundi wa chokaa alichukua malipo yangu yote ya kazi ile, na juu yake nikaongeza.

Nozeli nyekundu niliizika ndani ya sanduku la spana. Kwa mawe ya Galana na Mazeras natumia ya kijani, nyuzi 25, tena simwagi presha kwanza. Nanyunyiza klorini iliyochanganywa na maji, naiacha dakika 10 hadi 15 ukoga ulainike, lakini jua lisiikaushe juu ya jiwe. Maua nayalowesha maji matupu kabla na baada, bogenvilia iliyokunywa klorini mwenye nyumba ataiona kabla hajaona usafi wako. Ukuta wa chokaa unapata brashi laini na nozeli nyeupe, inayotawanya maji zaidi, kwa mbali. Makuti siyagusi kabisa. Na mchanga unaong'oka katikati ya mawe lazima urudishwe, la sivyo wiki ijayo mawe yanacheza, na utapigiwa simu wewe.

Kijana wangu wa mkono naye alinipa funzo lake. Alikuja na ndara, maji yakamkata ukanda wa ndara ukaning'inia. Sentimita mbili zaidi ingekuwa nyama. Tangu siku hiyo asiye na gambuti harushi maji kwangu.

Bei nilikuwa nakisia kwa macho, na macho yangu yana huruma kupita kiasi. Sasa napima kwa utepe, nalipwa kwa mita ya mraba, nusu kabla. Leseni ya kaunti nilikata mapema, hilo halina hadithi.

Msimu ndio mwalimu mkali. Mvua za kusi zikipita, ukoga umeshiba. Oktoba na Novemba simu hazinyamazi kwa sababu wenye vila wanataka kila kitu king'ae kabla ya wageni wa Desemba. Aprili hadi Juni naosha tuk-tuk za wale niliokuwa nikishindana nao kituoni, na wananidai punguzo kana kwamba nilitoroka na abiria wao.

Juzi nilikuwa kwa mteja mpya, Bi mmoja mtu mzima, amekaa barazani na kikombe cha kahawa. Nimeinama bombani na mtungi wangu, naangalia saa.

"Nimekuita uoshe, wewe wanipimia maji?"

"Dakika moja tu, Bi."

Mtungi ulijaa kwa dakika mbili na sekunde arobaini. Nikamtuma kijana akaite mkokoteni.