Tofali la uyoga limetoka zima

Jamani, leo nimefungua kalibu na tofali langu, la maganda ya karanga yaliyoshikanishwa na nyuzi za uyoga unaoota ndani yake, limetoka zima! Jeupe pe, linanukia uyoga mbichi, jepesi hadi mwanangu wa miaka minne kalibeba kwa mkono mmoja.

Mara mbili za kwanza niliumia sana. Maganda ya karanga sikuyachemsha vya kutosha, ukungu wa kijani ukaiwahi mbegu ya uyoga. Halafu huu upepo wa Dodoma! Nyuzi zilikauka kabla hazijashikana. Sasa nafunika kwa nailoni yenye vitundu, naweka gizani.

Likishashikana, likaushwe kwa moto uyoga ufe, la sivyo litaendelea kuota. Ukuta wa kubeba paa siujengi nalo, tofali la kuchoma ni imara zaidi. Langu nalitaka darini, joto la Oktoba lipungue chumbani kwa mama.