Mama Ndani ya Korongo la Hell's Gate

Tulitoka Nakuru alfajiri, watu sita kwenye gari la shemeji, mama amepakata chupa ya chai. Miaka yote amekuwa akipita Naivasha bila kuingia mbuga ya Hell's Gate, na mimi nilitaka alione lile korongo kwa macho yake.

Huko chini kuta zimekaribiana hadi anga linabaki utepe. Ni maji yaliyochonga miamba ile, na mafuriko ya ghafla yameshaua watu humo. Mawingu yakitanda, tafadhali msishuke na watoto.

Penye chemchemi ya moto mama alivua kiatu, akagusa kwa kidole. "Uuwi! Na hakuna moto!" Akakaa pale kimya, kiganja juu ya jiwe lenye joto, hatukumharakisha.