Mahali pa kubadilishia watoto nepi

Kwa miaka niliyolea watoto wachanga vituoni, nimezoea kulipima eneo la kubadilishia nepi kwa kuufuata mkono wa mlezi: umegusa nini tangu nepi chafu ilipofunguliwa hadi ulipofika kwenye maji. Katika kituo kimoja sinki lilikuwa chumba cha pili. Mlezi alimaliza kumfuta mtoto, akampakata, akashika kitasa cha mlango, ndipo akafungua bomba. Na kitasa kile kile kilishikwa na aliyekuwa akipeleka uji wa watoto. Walezi wale walikuwa wasafi mno, lakini mpangilio wa jengo uliwashinda.

Ndiyo maana hitaji langu la kwanza ni sinki lenye maji yanayotiririka, lililo hatua moja tu kutoka mezani, na ambalo halioshewi vyombo wala matunda hata siku moja. Virusi vya rota, vinavyoharisha watoto, na vya homa ya ini aina ya A hutoka kwenye kinyesi na kuingia mdomoni kupitia mikono, kwa hiyo mlezi asugue mikono kwa sabuni kwa sekunde 20 kila anapomaliza, na ya mtoto pia ioshwe, kwani naye hujishika wakati anapofutwa.

Meza ifike kiunoni mwa mlezi ili asiumie mgongo, na kingo zake ziinuke kama sentimita 15. Kingo hizo, hata hivyo, hazitoshi kumzuia mtoto aliyekwisha kujua kujigeuza. Nepi safi, vitambaa vya kufutia na nguo za akiba vikae pale ambapo mkono mmoja utavifikia huku wa pili ukiwa juu ya mtoto. Pipa la taka liwe la kufunguliwa kwa mguu.

Kuhusu godoro la meza hiyo, sikubali ufa hata mdogo. Niliwahi kulibonyeza kwa vidole godoro lililong'aa kwa usafi, na mkojo wa zamani ukachuruzika kutoka kwenye sponji kupitia mshono uliofumuka. Tulilitupa siku ile ile. Godoro lisilo na ufa husafishwa kwanza kwa sabuni na maji, kwa sababu uchafu hupunguza nguvu ya klorini, kisha hupakwa dawa hiyo ya kuua vijidudu na kuachwa likiwa limelowa kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Chupa yenyewe irudishwe juu, mahali ambapo mtoto hafiki, kabla mtoto mwingine hajaletwa mezani.