Mahabusu wa Sydney na Kofia Zao

Kivuko kutoka Manly huchukua karibu nusu saa kufika Circular Quay, gati la vivuko la jiji la Sydney, na abiria wengi wakishuka huelekea jumba la opera. Mimi nilielekea pembe ya Albert Street na Phillip Street, ambako yamesongamana majengo ya mawe yaliyokuwa mahakama na kituo cha polisi wa majini, la kwanza likiwa la mwaka 1856. Siku hizi ni Justice & Police Museum, makumbusho yanayofunguliwa mwishoni mwa juma tu, kwa hiyo ilinibidi kuipanga safari yangu kwa kufuata kalenda yao.

Kilichonipeleka huko ni picha. Polisi wa New South Wales, jimbo la Australia lenye jiji la Sydney, waliacha negativu (picha hasi za kuchapishia) zipatazo 130,000, zilizopigwa kati ya mwaka 1910 na 1964, ambazo baadaye ziliokolewa kutoka ghala lililokumbwa na mafuriko huko Lidcombe. Miongoni mwake zimo takriban 2,500 za washukiwa waliopigwa picha kati ya mwaka 1910 na 1930, nyingi katika kituo kikuu cha polisi cha jiji. Hizo ndizo zilizonifanya nisahau chakula cha mchana.

Msomaji aliyezoea picha za polisi anategemea utaratibu wa Alphonse Bertillon, karani wa polisi wa Paris aliyeamuru kila mtu apigwe picha mara mbili, usoni na ubavuni, kwa umbali uleule na mwanga uleule, ili kisibaki cha kutazamwa ila umbo la kichwa. Sydney mambo yalikwenda vingine. Mshukiwa anaonekana ameachiwa asimame au aketi apendavyo. Huyu ameingiza mikono mfukoni, yule amekunja nne, na wengi hawakuvua kofia. Katika picha moja ya Januari 1928, wanaume wanne wamepangwa safu wakiwa na suti na kofia, na kila mmoja ana namna yake ya kuikabili kamera, utadhani wamekwenda studio ya mtaani siku ya Idi.

Niliinama karibu na kioo cha fremu kuangalia ufundi wenyewe. Bamba la kioo, ambalo ndilo negativu yenyewe, hunasa mengi mno: uzi uliochomoza kwenye ukosi, vumbi la kiatu, rangi ya ukuta iliyobanduka. Jina na tarehe viliandikwa kwa mkono juu ya bamba, na kwa kuwa wino huzuia mwanga, katika picha iliyosafishwa maandishi hayo hutokea meupe, wakati mwingine yakipita juu ya nguo za mtu. Kwangu mimi, hapo ndipo picha hizi zinapoachana na za studio, maana hakuna mteja ambaye angekubali kuandikwa kifuani.

Nilikaa zaidi mbele ya picha ya Eugenia Falleni ya mwaka 1920. Mzaliwa huyu wa Italia aliishi Sydney miaka mingi kama mwanamume kwa jina la Harry Crawford, hadi aliposhtakiwa kwa mauaji ya mke wake, Annie Birkett. Polisi walimpiga picha akiwa amevaa suti yake ya kiume na tai, na magazeti ya wakati ule yakaishangilia kesi hiyo kwa kelele zisizo na staha. Picha yenyewe haina kelele hizo. Aliyeishika kamera, ambaye jina lake halikuandikwa popote kwenye bamba, alimpa Falleni nafasi ileile aliyowapa wezi wa mfukoni.

Naziita picha za sanaa bila kusita, ingawa najua waliomo hawakuziomba, na kwamba si wote waliopatikana na hatia. Baadhi walikuwa wamekamatwa kwa kushukiwa tu. Jambo gumu zaidi ni kwamba mafaili mengi yaliyoambatana na negativu hizo yamepotea. Kwa hiyo mtu anayetuangalia toka mwaka 1921 tunaijua kofia yake, viatu vyake na mwandiko wa askari aliyemwandika, lakini kosa alilodaiwa kulitenda, na kama aliachiliwa jioni ileile, hatuna tena pa kuvisoma.