Matone ya msonobari kwenye gari la mjomba

Siku aliyosafiri, mjomba alinikabidhi funguo za gari lake na agizo moja tu: "Mjomba, liwashe kila baada ya siku mbili, betri isilale." Alikuwa anakwenda kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na angekaa huko wiki tatu. Gari lile la buluu alilinunua likiwa limeshatumika, akalitunza miaka 11, na rangi yake ilikuwa bado ile ya kiwandani, isipokuwa mlango wa nyuma wa kushoto uliopulizwa upya baada ya kukwaruzwa. Kila jioni alikuwa akilifuta vumbi, akilizunguka kama mtu anayemsabahi mzee.

Nililipenda gari lile kama yeye, na upendo huo ndio ulionipeleka chini ya mti. Jua la mchana lilikuwa linaipiga boneti mpaka huwezi kuiweka mkono. Nyuma ya nyumba palikuwa na msonobari mkubwa wenye kivuli kizuri, ila tawi moja lilining'inia chini, lingekwaruza paa. Jumamosi nikachukua msumeno, nikalikata. Jumapili nikaliingiza gari pale, taratibu, kinyumenyume, na nikatoka nimeridhika kabisa.

Nilikuwa nimeujeruhi mti, kisha nikaegesha gari chini ya jeraha.

Siku ya nne nilipokwenda kuliwasha niliona vitu vinameta juu ya paa, nikadhani ni umande. Siku ya tisa jua lilipopenya kati ya majani ndipo nikaona vizuri. Niliyahesabu matone yote: 41. Mengi yalikuwa kwenye paa, machache kwenye boneti, mengine yameteremka kwenye milango yakaacha michirizi kama machozi. Tone moja karibu na ukingo wa boneti lilikuwa na ukubwa wa kifungo cha shati, katikati lina rangi ya asali, pembeni limeanza kuwa jeupe na gumu. Ndani yake alinaswa mdudu mdogo, mabawa ameyatandaza, hata mishipa ya mabawa unaiona.

Nikajaribu ukucha. Tone halikubanduka, lilivutika kama gundi na kuacha nyuzi. Nikaleta maji na sabuni, nikasugua, wapi! Ulimbo wa msonobari hauyeyuki kwa maji. Watu wengi huuita utomvu, nami niliuita hivyo, lakini utomvu unaopanda na kushuka ndani ya mti ni maji na sukari, ambao ukidondoka mara nyingi unatoka kwa maji ya uvuguvugu. Ulimbo ni dawa ya mti yenyewe. Msonobari ukikatwa huutoa kuziba kidonda ili wadudu na kuvu wasiingie. Unapotoka ni laini kwa sababu umechanganyika na tapentaini; tapentaini ikishapaa hewani, kinachobaki ni kitu kigumu kinachong'ang'ania chochote kilichokigusa. Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Siku ile nilijua tu kwamba zimebaki siku 12 mjomba arudi.

Kwenye stoo palikuwa na kopo la thina. Nikalowesha kitambaa, nikasugua lile tone lililokuwa pembeni ya lenye mdudu. Liliyeyuka mara moja, na kwa sekunde chache nilijiona nimeshinda. Kisha kitambaa kikaanza kukwama badala ya kuteleza. Nilipokiinua, mahali palipokuwa na tone palikuwa pamekufa mng'ao: ukungu mweupe wa mviringo, mpana kama kidole gumba, katikati ya buluu ile inayong'aa. Nikapapuliza. Nikapamwagia maji, na palipolowa pakarudi kuwa sawa, moyo ukatulia. Maji yakakauka, ukungu ukarudi palepale.

Niliketi chini kando ya gurudumu kwa muda mrefu. Nilimuona mjomba akishuka kutoka safarini na jicho lake jipya, na kitu cha kwanza anachokiona ni doa lile.

Jirani yetu mmoja alikuwa fundi rangi wa magari, mzee aliyekwisha kustaafu. Nilikwenda kwake jioni ileile. Nilimsalimu shikamoo, nikashindwa hata kueleza, nikamwomba tu aje aone. Alikuja na kitochi chake. Hakulitazama gari kutoka juu kama nilivyokuwa nikilitazama mimi. Aliinama mpaka shavu likakaribia kugusa boneti, akamulika kwa pembeni, akasoma rangi kwa mwanga ulalao.

"Umepaka nini hapa?"

"Thina, mzee."

Alinyamaza kidogo. "Thina tunaoshea bunduki ya kupulizia, kijana wangu. Kazi yake ni kula rangi. Haiwezi kujua ipi ni uchafu na ipi ni ya gari."

Akanieleza kile ambacho nilikuwa nimekigusa. Juu ya bati kuna praima, yaani rangi ya msingi, juu yake kuna rangi yenyewe, na juu kabisa kuna tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi wanaliita kliya. Mng'ao wote unaouona ni wa kliya. Katika magari mengi unene wake ni mikroni 40 hadi 50 hivi, na mikroni 1,000 ndizo zinazofanya milimita moja. Aling'oa unywele mmoja wa mvi kichwani mwake, akaulaza juu ya boneti. "Huu ni mnene kuliko hiyo kliya," alisema. Sijawahi kusugua gari tena bila kuukumbuka ule unywele.

Kesho yake alfajiri alirudi. Alitaka bati liwe limepoa, kwa sababu kwenye bati la moto dawa yoyote inakauka kabla haijafanya kazi, na ulimbo wenyewe unasambaa. Tulilisukuma gari litoke chini ya mti. Aliniagiza nilioshe lote kwa shampuu ya magari na maji ya uvuguvugu, nilisuuze, nilikaushe. Nilikuwa na haraka ya kuyaendea matone. Yeye alisisitiza kuosha, kwamba vumbi likibaki, kitambaa kinakuwa msasa mkononi mwako.

Alitoa chupa ya spiriti, ile ya kusafishia vidonda. Lakini kabla ya kugusa tone lolote alifungua milango mmoja mmoja, akapapasa kwa kitambaa chenye spiriti ukingo wa ndani, pale ambapo hakuna anayepaona. Mlango wa kwanza kitambaa kilibaki cheupe, wa pili vilevile, wa tatu vilevile. Ule wa nyuma wa kushoto kitambaa kilitoka na buluu.

"Huu umepulizwa rangi bila kliya," alisema, akanionyesha doa la buluu kwenye kitambaa. "Spiriti tusiipeleke huku."

Nilimwambia ni kweli, ulikwaruzwa zamani. Nilijisikia ubaridi tumboni, kwani jana yake nilikuwa nimeshapanga kwenda na thina mlango kwa mlango.

Kwa sehemu nyingine zote alinifundisha jambo ambalo mikono yangu ilikataa kulishika: kutosugua. Unalowesha kipande cha kitambaa laini cha nyuzi ndogondogo, unakilaza juu ya tone, unakiacha. Nusu dakika, dakika nzima kama tone ni la zamani. Mimi nilikuwa naanza kuzungusha kidole baada ya kuhesabu tano. Alinishika kifundo cha mkono. "Acha spiriti ifanye kazi. Wewe kazi yako ni kusubiri." Tukasubiri wote wawili, tumeinama juu ya boneti, hakuna anayesema neno. Alipoinua kitambaa, tone lilikuwa limekuwa kama jeli, likafutika kwa mpito mmoja mwepesi kuelekea upande mmoja. Akageuza kitambaa upande safi kabla ya kwenda kwenye tone linalofuata, maana ulimbo ulioyeyuka ukiurudisha kwenye rangi unaupaka upya, na punje za mchanga zilizomo zinachora. Baada ya kila tone alipafuta kwa maji, spiriti isikae.

Lile lenye mdudu lilitaka mizunguko minne. Mdudu alitoka mzima kwenye kitambaa, na chini yake rangi ilikuwa salama.

Mlango wa kushoto tuliufanyia kwa mafuta ya mimea. Unapaka, unaacha dakika kumi, unafuta kwa kidole kilichozungushiwa kitambaa, unapaka tena. Ni polepole mno. Michirizi mitatu ilituchukua karibu asubuhi nzima, na mwisho nikauosha mlango mara mbili kwa shampuu kuondoa mafuta. Hata hivyo hakuna tone la buluu lililokuja kwenye kitambaa, na mimi niliipenda kazi ya mlango ule kuliko ya sehemu nyingine yoyote.

Kioo cha mbele kilikuwa rahisi. Kioo si rangi. Alikilowesha kwa maji ya sabuni, akalaza wembe mpya karibu kabisa na kioo, akakwangua matone yakaruka kama magamba. Akanitazama kwa jicho kali kuhakikisha nimeelewa kwamba wembe unaishia kwenye mpira wa kioo na hauvuki.

Kulipokwisha, paa lilionekana safi. Fundi akatoa mfukoni mfuko mwembamba wa nailoni, akauvaa mkononi kama glavu, akapitisha viganja juu ya paa. Akanipa mimi. Mkono mtupu ulikuwa umeniambia bati ni laini. Kwa mfuko ule nikasikia chembechembe, nyingi, kama mchanga chini ya shuka. Hayo ni mabaki ambayo macho hayayaoni. Kwa hayo alitumia udongo wa mafundi, kipande laini kinachofinyangika kama cha kuchezea watoto. Alinyunyiza maji yenye shampuu, akautelezesha bila kukandamiza, na kila baada ya hatua chache akaukunja kuficha uchafu ndani. Ulimponyoka mara moja ukaanguka chini. Hakuuosha. Aliutupa, akakata kipande kingine.

Penye matone ya muda mrefu zaidi, juu ya paa, vilibaki vivuli vya duara, kama alama ya kikombe mezani. Joto na ulimbo vilikuwa vimeshaanza kuila kliya. Polishi laini kwa mkono ilivitoa vyote isipokuwa viwili, navyo hadi leo ukitazama kwa pembeni utaviona. Doa langu la thina nalo alilifanyia polishi, mara ya kwanza, ya pili. Lilififia likawa kama pumzi kwenye kioo. Nilimsihi aendelee. Alikataa. Kila polishi inaondoa kliya kidogo, na pale ilikwishapungua kwa mkono wangu. Bora doa hafifu kuliko tundu. Tukamalizia kwa nta gari zima.

Mjomba alirudi jicho moja likiwa limefunikwa, na jingine likivumilia mwanga kwa shida. Sikumngoja aulize. Nilimwambia mlangoni, kabla hajaketi: tawi, msonobari, thina. Nilimwambia pia kuhusu mzee fundi na kuhusu mlango wa kushoto. Alisikiliza kichwa kimeinama.

"Nipeleke," alisema.

Nilimshika mkono mpaka kwenye gari. Nikampa mfuko wa nailoni, nikamweleza unavyotumika, akauvaa. Alianza na boneti. Alipita juu ya doa langu bila kusimama, kwa sababu doa lile halishikiki, linaonekana tu, na yeye siku ile hakuwa na macho ya kuliona. Nikaushika mkono wake nikaurudisha. "Ni hapa, mjomba." Akapapasa tena, akatikisa kichwa kukubali, akaendelea. Paa. Buti. Mlango wa nyuma wa kushoto, alioukawilia kuliko yote. Akazunguka mpaka upande wa dereva, mkono ukashuka taratibu, na chini ya kioo cha pembeni ukasimama. Ukarudi nyuma kidogo, ukasimama tena.

"Mjomba, hapa kuna moja."

Nikachuchumaa. Lilikuwepo, dogo kama kichwa cha pini, limejificha kwenye kivuli cha kioo. Nikaingia ndani kuchukua chupa ya spiriti.