Jinsi Nilivyomrudishia Marashi Usingizi Wake

Nimefanya kazi ya usaisi, yaani kutunza farasi, kwa miaka 19, sehemu kubwa ya muda huo katika mabanda ya farasi yaliyo upande wa Karen, jijini Nairobi, na kwa miaka mingi niliamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba farasi hulala akiwa amesimama na kwamba usingizi huo unamtosha. Aliyenitoa katika imani hiyo ni farasi jike mmoja wa rangi ya kahawia tuliyemwita Marashi. Ninaandika haya kwa ajili ya masaisi wenzangu na wenye farasi ambao huenda wanaviona vidonda vile vile nilivyoviona mimi, wasijue vimetoka wapi.

Marashi aliletwa kwetu akiwa na miaka 11, baada ya kustaafu mbio. Katika wiki ya tatu niliona michubuko upande wa mbele wa vifundo vya miguu yake ya mbele, yote miwili, pale ambapo ngozi imekaribiana sana na mfupa. Nilidhani alikuwa akijigonga kwenye kizingiti cha mlango, nikamsafisha, nikampaka dawa na kumfunga bandeji. Michubuko ilipona kidogo, kisha ikarudi ikiwa mibaya zaidi. Ndipo mchana mmoja, nilipokuwa nikimpiga brashi farasi mwingine, nikaona kichwa cha Marashi kikishuka polepole mpaka pua ikakaribia sakafu, mdomo wa chini ukalegea, magoti yakakunjika ghafla na akaangukia vifundo vile vile vyenye vidonda. Alishtuka kabla mwili haujafika chini, akainuka, akasimama akihema na macho yamemtoka.

“Mzee, huyu ana kifafa,” kijana ninayefanya naye kazi aliniambia. Mimi pia sikuwa na maelezo bora kuliko hayo. Mwenye farasi alipopata habari alikataza asipandwe na mtu yeyote, jambo ambalo lilikuwa sahihi kabisa, kwa kuwa farasi anayeweza kukunja magoti bila onyo ni hatari kwa aliye mgongoni mwake.

Daktari wa mifugo alipofika, alivitazama vifundo, akasikiliza moyo, akamtembeza, kisha akaniuliza swali moja tu ambalo sikulitarajia: mara ya mwisho nilimwona Marashi amelala chini lini? Nilifikiri kwa muda mrefu. Sikuwahi kumwona. Wala sikuwahi kukuta maranda ya kulalia yameshika kwenye singa zake au alama ya kinyesi ubavuni mwake asubuhi, ilhali farasi wengine huwapiga brashi kuondoa alama hizo karibu kila siku.

Alichonifafanulia daktari siku hiyo nimekihakikisha kwa macho yangu mara nyingi tangu wakati huo. Ni kweli kwamba farasi anaweza kusinzia akiwa amesimama, na mwili wake umeumbwa kwa kazi hiyo. Katika miguu ya mbele kuna mfumo wa kano imara zinazoshikilia viungo visikunjike, hata misuli ikiwa imepumzika. Katika mguu wa nyuma, farasi huivuta pia ya goti na kuinasisha juu ya nundu iliyo mwishoni mwa mfupa wa paja, na kwa kuwa goti hilo na kifundo kilicho chini yake vimeunganishwa kiasi kwamba kimoja hakiwezi kukunjika bila kingine, mguu mzima husimama kama nguzo kwa nguvu kidogo sana. Ndiyo maana utamwona farasi ameutegesha mguu mmoja wa nyuma, ncha tu ya ukwato ikigusa ardhi, nyonga imelala upande mmoja, na baada ya dakika kadhaa akabadilisha mguu. Kupumzisha mguu wa nyuma kwa namna hiyo ni kawaida. Farasi anayetanguliza mguu wa mbele na kuukwepesha uzito ana maumivu, na saisi anayemwona hivyo asimwache.

Lakini usingizi wa kusimama ni ule mwepesi, pamoja na sehemu ya ule wa kati. Usingizi mzito wa ndoto, ambapo misuli ya mwili hulegea kabisa, hauwezekani kwa miguu minne, kwa sababu hata mfumo ule wa kano unahitaji misuli ibaki na nguvu kidogo. Kwa hiyo farasi lazima alale chini, ama akiwa amekunja miguu na kuegemeza pua ardhini, ama akiwa amejinyoosha kabisa ubavuni. Hahitaji muda mrefu. Kwa saa 24 farasi mzima hulala takriban saa 3 hadi 5 kwa jumla, kwa vipande vifupi, na usingizi wa ndoto huchukua kati ya nusu saa na saa moja hivi. Akiukosa huvumilia siku kadhaa, pengine wiki, kisha usingizi humkamata akiwa amesimama, misuli inaachia, na anaanguka kama Marashi alivyoanguka. Hakuwa na kifafa. Alikuwa amechoka kwa kukosa usingizi, na hilo liliniuma sana, maana nilikuwa ninampitia kila siku nikimwona ameinamisha kichwa, nikajiambia kwamba anapumzika vizuri.

Niliamua kukesha. Kwa usiku nne mfululizo nilikaa kwenye ghala la nyasi kavu, mahali ambapo ningeweza kumwona kwa mwanga hafifu wa taa ya uani, nikiandika katika daftari kila baada ya robo saa. Farasi wawili wa upande wa pili wa ua walilala chini, hasa kati ya saa sita na saa kumi za usiku, lakini si kwa wakati mmoja. Mmoja alipokuwa chini, mwingine alibaki wima, masikio yakizunguka. Pundamilia wa mbuga yetu ya Nairobi hufanya vivyo hivyo, na sababu ni ile ile: mnyama aliyejinyoosha ubavuni huhitaji muda ili ainuke na kukimbia, kwa hiyo halali mpaka ajue kuna mwenzake anayeangalia. Marashi hakuwa na mwenzake. Chumba chake kilikuwa cha mwisho, karibu na lango, kimezungukwa na ukuta mzima pande tatu, na kila mbwa wa jirani alipobweka au fisi walipolia kutoka upande wa msitu, yeye aliinua kichwa. Katika usiku wote nne hakulala chini hata mara moja.

Kumwacha malishoni usiku pamoja na wenzake lingekuwa jibu rahisi, lakini sisi huwaingiza farasi ndani kabla jua halijatua kwa sababu ya usubi, ambao huuma zaidi kuanzia magharibi hadi alfajiri na ndio wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika. Chanjo ipo, ila sikuwa tayari kutatua shida moja kwa kufungulia mlango shida nyingine iliyo mbaya zaidi.

Tulikubaliana na daktari tubadilishe jambo moja baada ya jingine, ili tujue lipi limesaidia. Kwanza alimpa dawa ya maumivu kwa siku tano, kwa kuwa farasi mwenye viungo vinavyouma huogopa kulala akijua kuinuka kutamtesa. Hakuna kilichobadilika. Kisha nikamhamishia chumba chenye upana wa mita 4 kila upande, badala ya kile cha mita 3, nikaongeza maranda kutoka sentimita 5 hadi karibu 20, na kuyarundika zaidi kando ya kuta, ili akibingirika asije akakwama ukutani na miguu juu. Usiku wa pili wa maranda mapya nilimwona akinusa sakafu, akiparua, akizunguka, akikunja magoti kidogo, kisha akiacha. Alifanya hivyo mara sita. Moyo wangu ulikuwa pamoja naye kila alipojaribu.

Hatua ya mwisho ilikuwa mwenzake. Tulimleta chumba cha jirani farasi mzee aliyehasiwa, mtulivu sana, tukang’oa mbao za juu za ukuta unaowatenganisha ili waonane na kunusana. Usiku wa kwanza Marashi alisimama wima hadi asubuhi, kichwa chake juu ya mbao hizo. Usiku wa pili, saa saba na dakika 40, alizunguka mara mbili, akakunja magoti na kujishusha.

Baada ya muda alijinyoosha ubavuni, na nakiri kwamba niliogopa, kwani saisi yeyote akiona farasi amelala ubavuni akikoroma na miguu ikitikisika huwazia msokoto wa tumbo. Nilisogea taratibu. Hakuwa na jasho, hakujitazama ubavu, hakuwa akiparua wala kubingirika. Kope zake zilikuwa zikipepesa. Alilala hivyo dakika 18, akainuka, akajikung’uta, akaanza kula nyasi.

Vifundo vilipona katika wiki tano na hakuanguka tena. Miezi kadhaa baadaye yule farasi mzee alipelekwa kwingine kwa usiku mmoja, na asubuhi nikamkuta Marashi hana hata punje ya maranda mwilini. Sasa mzee akiondoka, farasi mwingine huhamishiwa chumba chake kabla ya jioni, na kila alfajiri, kabla sijagusa ndoo ya chakula, huzitazama kwanza singa za Marashi.