Huyo mtaalamu wako wa lishe kasomea wapi?

Siku hizi kila mtu mtaalamu wa lishe jamani. Ukiingia Insta unakuta mtu kavaa koti jeupe, chini kaweka namba ya WhatsApp ya kuagizia poda ya kukata tumbo. Koti hata Kariakoo lipo, tuonyeshe cheti.

Na hata waliosoma kweli tunawachanganya. Afisa lishe yupo halmashauri, wengine wamepita SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro, wakachukua digrii ya lishe ya binadamu, kazi yake kubwa ni jamii, yani udumavu wa watoto, wajawazito, chakula cha mashuleni. Dayatishani ni wa hospitali, anakupangia chakula kulingana na ugonjwa wako na majibu ya maabara.

Shangazi yangu figo zilipoanza kusumbua, mmoja wa hao wa mtandaoni akamwambia anywe dafu na juisi ya mchicha kila asubuhi eti asafishe figo. Sasa vyote hivyo vina madini ya potasiamu kibao, na figo zikichoka zinashindwa kuitoa, ikijaa kwenye damu moyo unaweza kusimama hivi hivi. Dayatishani wa hospitali alianza kwa kuomba majibu ya damu, ndo akasema dafu basi, mboga zichemshwe kwa maji mengi yamwagwe, viazi vikatwe vidogo viloweke kwanza, ili potasiamu ipungue. Na hakumuuzia hata kijiko cha poda.

Kenya wana sheria ya 2007 iliyoanzisha KNDI, taasisi ya wataalamu wa lishe na madayatishani, bila kusajiliwa huko huruhusiwi kufanya hii kazi. Uingereza kujiita dayatishani lazima uwe umesajiliwa HCPC, chombo kinachosajili watu wa afya, ila nutrishonisti, yani mtaalamu wa lishe, anajiita yeyote tu, hapo nao wamejichanganya kwa kweli. Marekani ndo usiseme, tangu 2024 hugusi mtihani wa usajili bila masters, na masaa yasiyopungua 1000 ya mazoezi chini ya msimamizi. Huku mtu kamaliza kozi ya wikiendi anampangia mgonjwa wa kisukari mlo, tena anamwambia apunguze dawa!!

Kama una kisukari, presha au figo, mwambie daktari wako akuandikie umwone mtu wa lishe wa hospitali, na ukienda beba majibu ya vipimo na dawa zote unazotumia, hata zile za mizizi ulizopewa na jirani.